Mtoto Mgonjwa na Subira ya Baba

 

Ndugu zetu Waislamu, khasa nyinyi mlio baba wa watoto: mara nyingi mmetusoma katika kurasa hizi tukizikemea khurafati za watu wengine. Leo twataka kuandika jambo ambalo sisi wenyewe tumo ndani yake, na makosa mengine tutakayoyataja ni yetu. Tumekawia kuliandika kwa kuona haya, kisha tukaona kuwa haya hiyo haimfai mtu.

Mwenyezi Mungu ametujaalia binti, naye sasa ana miaka miwili na miezi minne. Alipokuwa na miezi minane, vikono vyake na vijiguu vilivimba vikawa moto, akawa hataki kuguswa wala kuwekwa chini. Bibi zake walisema ni nyuni. Jirani mmoja akasema ni jicho. Akaletwa mama wa kusugua mafuta, akamsugua siku tatu, uvimbe ukashuka, nasi tukamshukuru Mungu na kumsifu msuguaji. Hatukujua kuwa uvimbe ule huja na kuondoka wenyewe, na kwamba kumsugua kulikuwa ni kumzidishia maumivu tu.

Haukupita muda akashikwa na homa, macho yakawa manjano kama bizari, na ufizi ukawa mweupe. Tukampeleka hospitali, akaongezwa damu usiku ule ule. Daktari akataka damu yake ipimwe kipimo cha pili, kisha akatuita sote wawili, baba na mama, akatwambia kuwa mtoto ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu twauita sikoseli.

Yafaa tuueleze, kwani ujinga juu ya ugonjwa huu ndio ulioleta yote tutakayoyataja. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya ni za mviringo, laini, nazo hukaa mwilini yapata siku 120. Za mgonjwa huyu hugeuka zikawa ngumu na kupinda kama mundu, na hufa baada ya siku 10 hadi 20 tu. Basi damu hupungua daima. Tena chembe hizo zilizopinda hukwama katika mishipa midogo, na panapokwama damu pana maumivu makali, iwe ni mkono, mgongo au kifua. Miezi ya mwanzo mtoto huwa salama kwa sababu bado anayo damu ya namna ile aliyokuwa nayo tumboni. Inapoisha ndipo maradhi hutokeza. Ndiyo maana watu hudhani kuwa mtoto amezaliwa mzima kisha amepatwa na jambo. Daktari James Herrick wa Chicago aliieleza damu ya namna hii mwaka wa 1910, na mwaka wa 1954 Anthony Allison alionyesha kuwa aliyerithi upande mmoja tu, naye mwenyewe haugui, hukingika kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Kwa hivyo ugonjwa umekuwa mwingi katika nchi za mbu, na pwani yetu ni miongoni mwa nchi hizo. Hakuna jini hapo wala hasadi ya mtu.

Turejee nyumbani. Khabari ilipoenea, shangazi yetu, Mungu amsamehe, alisema mbele ya watu kuwa katika ukoo wetu sisi hapajapata kuwa na damu mbovu, na kwamba maradhi haya yametoka kwa mke. Mama wa mtoto alinyamaza. Sisi nasi tulinyamaza, ilhali tulikwisha kuambiwa na daktari kwamba mtoto hawezi kuugua ugonjwa huu ila awe amerithi kwa baba na kwa mama, nusu kwa nusu. Karatasi ya kipimo chetu ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Siku tatu nzima tulikuwa nayo, tukimsikiliza mwanamke wa watu akilaumiwa kwa kosa ambalo si kosa, na ambalo sehemu yake ilikuwa yetu. Kumnyamazia mwenye kudhulumu ilhali ushahidi uko mikononi mwako ni kushirikiana naye. Siku ya nne tuliitoa ile karatasi tukamsomea shangazi. Aliishika, akaigeuza, akasema, "Basi na wewe pia, mwanangu?" Hakurudia tena maneno yale.

Na jambo la pili ni zito kwetu kulisema. Mara ya tatu mtoto alipolazwa, tulimkuta ana kijihirizi cheusi mkononi. Bibi yake amemfunga usiku. Sisi tumesimama juu ya mimbari tukasema juu ya hirizi maneno mnayoyajua, nasi hatukukitoa. Tuliona tu, tukageuza uso. Kwa nini? Kwa sababu mtoto alikuwa akilia kilio kisichopumzika, na mtu anapokuwa katika hali hiyo moyo humwambia: huenda, nani ajuaye? Tangu siku hiyo hatuwacheki wanaofunga hirizi. Twawakataza vile vile, lakini kucheka tumeacha.

Asubuhi yake muuguzi alikuja kutafuta mshipa. Mtoto amekwisha kuchomwa pande zote, mishipa imejificha. Muuguzi yule ni mama wa Kigiriama, wala si wa dini yetu. Alitutazama akasema kwa adabu, "Sheikh, hiki nikikate, au nihamie mkono wa pili?" Tukakikata kwa mkono wetu. Hapakutokea neno, wala mtoto hakupona papo kwa papo ili iwe hadithi ya kuwasimulia. Mshipa ulipatikana mara ya nne.

Kisha yeye muuguzi akauliza swali jingine, bila ya kukusudia kutuudhi. Akasema, "Mama huyu yuko hapa siku ya tisa. Mchana nani humpokea?" Hatukuwa na jawabu. Tulikuwa tukija jioni na chakula katika kibweta, tukimsomea mtoto, tukimwambia mkewe wetu asubiri kwani malipo ya wenye kusubiri ni makubwa, kisha tukaenda darasani. Udhuru wetu ulikuwa kwamba wodi ile ni ya kina mama na usiku wanaume hawalali humo. Ni kweli hawalali. Lakini mchana una saa kumi na mbili, na hakuna aliyetufunga mlango mchana. Mama wa mtoto alikuwa akilala ubavu mmoja, kitanda kimoja na mtoto na wakati mwingine na mtoto wa pili na mamake, akienda kuoga mbio mbio kwa kukhofia mpira wa maji usichomoke, naye nyumbani ameacha watoto wawili wengine.

Tulipofungua vitabu vyetu usiku ule tuliyaona maneno tuliyoyasoma tangu ujanani kana kwamba hatujapata kuyasoma. Imepokewa na Usama bin Zaid, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba binti mmoja wa Mtume (S.A.W.) alimtumia mtu kumwambia kuwa mtoto wake yuko katika kufa. Mtume alimrejeshea salamu, na kumkumbusha kuwa alichokitwaa Mwenyezi Mungu na alichokitoa vyote ni vyake, basi asubiri na kutaraji malipo. Sisi huishia hapo katika hotuba zetu. Lakini habari haikuishia hapo. Binti alimtumia mtu mara ya pili, akimwapia kuwa lazima aje. Mtume akainuka akaenda, na sahaba pamoja naye. Mtoto akawekwa mikononi mwake, na pumzi zake zikikoroma, na machozi ya Mtume yakamtoka. Saad bin Ubada akastaajabu na kuuliza, naye akamweleza kuwa machozi hayo ni rehema ambayo Mungu ameitia katika nyoyo za waja wake.

Tazameni basi. Neno la subira lilikuwa limekwisha kusemwa, tena na mbora wa wasemaji wote, na bado binti alimtaka babake mwenyewe. Wala hakukemewa kwa kutaka hivyo. Sisi twawapelekea wake zetu ile salamu ya kwanza tu, kisha twadhani tumetimiza.

Na maradhi ya namna hii hayamwendei mzazi mara moja. Mwenye kufiwa hukusanyikiwa na watu siku tatu, chakula kikapikwa na nyumba ikajaa. Mwenye mtoto wa selimundu hukusanyikiwa mara ya kwanza, mara ya tano watu wamechoka, wasema, "Kalazwa tena?" Ajabu ni kuwa hiyo mara ya tano ndipo fedha zimekwisha, na ndipo mama ameanza kukata tamaa.

Kuhusu dawa, hatutaki kurefusha. Mabedui walimuuliza Mtume kama watafute dawa, naye akawaamrisha watafute. Mtoto huyu hupewa penisilini kila siku mpaka atimize miaka mitano kwa kumkinga na maambukizi, chanjo zake zote zitimizwe (ile ya nimonia imo katika chanjo za watoto wa Kenya tangu 2011), dawa ya kukinga malaria, vidonge vya foliki, na chandarua kila usiku. Apewe maji kwa wingi na asipigwe na baridi. Iko pia dawa iitwayo haidroksiurea. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2019, ambao Kilifi ilikuwa miongoni mwa mahala pake pane pamoja na Luanda, Kinshasa na Mbale, ulionyesha kuwa hupunguza maumivu, malaria na haja ya kuongezwa damu kwa watoto wa Afrika. Mwulizeni daktari habari yake. Na homa kwa mtoto huyu si ya kungojea asubuhi. Mama afundishwe pia kulipapasa wengu, yaani bandama, chini ya mbavu za kushoto, kwani likivimba ghafla damu hujikusanya humo na mtoto aweza kufa kwa muda mfupi. Baba naye afundishwe. Sisi tumefundishwa na yule yule mama wa Kigiriama, naye alicheka kwa namna tulivyokuwa tukiogopa kubonyeza.

Mama mmoja katika wodi alituuliza habari ya sala: nguo zimetapikiwa, mtoto hawezi kuachwa, afanyeje? Twamjibu hapa kwa faida ya wote. Kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafii haijuzishi kukusanya sala kwa ugonjwa, lakini Imam Nawawi ameitia nguvu kauli ya kujuzisha, na wenzetu wa madhehebu ya Hanbali wamemjuzishia mwenye kunyonyesha anayeona taabu ya kufua nguo kila sala. Basi mama aliye katika dhiki hiyo akikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, hatumkatazi. Na akiwa ananyonyesha Ramadhani, akamkhofia mtoto wake, atafungua. Kisha atalipa siku zake na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Asijitese kwa kudhani kuwa Sheria imemsahau.

Ama damu. Watoto hawa huishi kwa damu ya watu wasiowajua. Katika nchi yetu sehemu kubwa ya damu hutolewa na wanafunzi, na shule zinapofungwa hupungua. Mara mbili tumesimama dirishani tukaambiwa tungoje. Mwanamume mzima wa afya aweza kutoa kila miezi mitatu. Wako miongoni mwetu wanaosema kuwa kutoa damu hudhoofisha, nao ni wale wale wanaopigwa chuku kila mwaka!

Na kwa wenye vijana wa kuoa: damu ipimwe kabla ya posa kukubaliwa, si baada ya kadi kuenea mjini. Wakiwa wote wawili wamerithi upande mmoja mmoja, kila mimba ina fungu moja katika manne la kupata mtoto mgonjwa. Saudia imelazimisha kipimo hiki kwa wanaotaka kuoana tangu 2004. Kipimo hakiharamishi ndoa, lakini humwingiza mtu ndani akiwa macho. Sisi hatukupima, wala hatujutii mtoto wetu. Twajutia miezi ile ya kusugua mafuta.

Katika darasa yetu pana daftari mpya, iliyowekwa kwa mlinzi wa msikiti. Ukurasa wa kwanza ni wa wenye kutoa damu, wa pili ni wa zamu za mchana kwa jamaa wenye watoto waliolazwa: kupika, kuwapeleka watoto wengine chuoni, kumpokea mama akalale saa mbili. Wanawake wenye nafasi waandike majina yao kwa wake zetu. Hatuulizi ni mara ya ngapi mtoto amelazwa.

Haya tumeyaandika baada ya Isha. Binti yetu yuko hospitali tangu juzi, na homa imeanza kushuka. Mwombeeni. Kesho saa moja asubuhi twampokea mamake, kwa hivyo darasa ya asubuhi haitakuwako.