Kucheza na Mtoto, au Kumchezea Shere?

Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza hapa Bujumbura, ambako Kiswahili ni lugha ya barazani na sokoni, mzazi ampelekapo mtoto zahanati humwambia neno moja: "Haiumi." Tangu mwaka 2006, serikali ya Burundi ilipofuta malipo ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano, wanaofika kutibiwa wameongezeka, na neno hilo nalo. Mtoto hutulia. Kisha sindano huingia, naye hujua mambo mawili kwa pamoja: kwamba inauma, na kwamba mama alisema uongo.

Je, uongo wa huruma ni halali? Wako wenzetu wanaojibu kuwa ni halali, kwa hoja yenye uzito: mtoto mwenye malaria kali hana muda wa kubembelezwa, na akiambiwa kweli atakimbia. Lakini hoja hiyo yasahau kwamba mtoto huyo atarudi. Mara ya pili ataanza kulia tangu mlangoni, na hapo hata neno la kweli halitamfaa.

Tumepata kumwona muuguzi aliyempa binti wa miaka minne bomba tupu, lisilo na sindano, pamoja na mwanasesere wa matambara. "Mdunge wewe kwanza." Binti akamdunga, akamwambia, "Itauma kidogo, lia ukitaka," kisha akampangusa kwa pamba. Zamu yake ilipofika alilia, tena kwa sauti. Ila mkono hakuuvuta.

Huko ndiko kucheza na mtoto. Kumchezea shere ni jambo jingine, ingawa mzizi wa maneno ni mmoja (walimu wa sarufi watatuwia radhi). Shirika la Afya Ulimwenguni, katika ushauri wake wa mwaka 2015 juu ya maumivu ya chanjo, lilipendekeza mtoto mchanga anyonyeshwe, na mdogo avutwe mawazo kwa mchezo. Papo hapo likawaonya wahudumu dhidi ya maneno ya kufariji yasiyo ya kweli.

Watasema muuguzi mwenye foleni ndefu hana nafasi ya kucheza. Kweli hana. Lakini wanaongoja katika foleni hiyo wanayo nafasi tele: mama, dada, shangazi, hata sisi walimu, chanjo ifikapo shuleni. Watoto wanaojifumia mpira kwa majani makavu ya migomba hawatashindwa na mwanasesere. Linalotutatiza zaidi ni mzazi ambaye mwenyewe aogopa sindano. Huyo bado hatujui tumwanze kwa mchezo gani.