Mtu Mzima Ajifunzapo Kupika



Swali nitakalolieleza leo laweza kuonekana dogo, hata wengine watacheka. Je, ni aibu mtu mzima, mwenye mvi kichwani, kuingia jikoni na kufundishwa kupika kama mtoto? Walakini nawasihi msicheke upesi, maana ndani ya swali hili dogo limo jingine kubwa: Je, mtu aliyezoea kufundisha aweza kuwa mwanafunzi tena? Na asipoweza, yafaa aendelee kufundisha wengine?

Nitaanza kwa kusimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nalikuwa mwalimu wa shule kwa muda wa miaka thelathini, huku kwetu kwenye mitelemko ya mlima Kilimanjaro. Katika miaka hiyo yote sikupika hata chungu kimoja. Si kwamba nilikatazwa, ila sikuona haja. Chakula kilikuja mezani kama jua lijavyo asubuhi, nami sikuuliza kilikotoka. Basi siku moja wakati wa masika mke wangu aliteleza shambani akavunjika mkono wa kuume. Daktari akaufunga kwa plasta, akaagiza usifanye kazi yo yote kwa majuma sita. Watoto wetu wamekwisha kuwa watu wazima, nao wakaa mbali. Nyumbani tulikuwa sisi wawili na wajukuu wawili. Majirani walituletea chakula siku za kwanza, nasi twawashukuru sana. Lakini majirani nao wana nyumba zao. Siku ya tano nikaingia jikoni.

Siku ile nilisonga ugali. Nalidhani kazi ni kutia unga katika maji ya moto, basi. Nikautia wote kwa mara moja, nao ukafanya mabonge, nje yameiva, ndani unga mkavu. Mjukuu wangu mdogo akalipasua bonge moja, akalitazama sana, kisha akaniuliza kwa adabu, "Babu, na hiki nacho huliwa?" Siku ya pili nikapika wali: chini uliungua, juu ulikuwa na kiini. Siku ya tatu nikainjika maharage mekundu bila kuyaroweka. Jua likachwa, na watoto walikuwa na njaa. Bibi yao akaonja moja, akaniambia, "Bado, Mwalimu, yaache yachemke." Nami nikajibu kwamba yanatosha, maana nilichoka na moshi, tena nilichoka kuambiwa. Nikayaepua. Usiku ule mjukuu mdogo alitapika mara nyingi, nami nikakesha karibu naye na taa mkononi.

Baadaye nikapata kujua sababu. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ndani yake, nayo haiharibiki mpaka yametokota barabara. Tena yakipashwa moto kidogo tu bila kutokota, sumu yaweza hata kuzidi. Ndiyo sababu wapishi wenye akili huyaroweka kwa saa nyingi, huyamwaga yale maji, kisha huyachemsha kwa nguvu katika maji mengine mpaka yawe laini. Tena huku mlimani kazi hii yahitaji muda kuliko pwani. Pwani maji hutokota penye digri 100, lakini kila upandapo meta 300 hivi hupungua digri moja. Penye meta 1,500 maji hutokota penye digri 95 hivi. Mke wangu hakusoma habari hizi katika kitabu. Walakini alijua kwamba maharage yetu hayana haraka, na neno lake moja, "bado", lilikuwa na elimu kuliko maneno yangu yote. Mtoto akapona siku ya pili. Lakini mimi nilikuwa nimepata la kufikiri.

Tangu siku ile nilikubali kuwa mwanafunzi. Mke wangu aliketi juu ya kigoda, mkono wake ukiwa umefungwa shingoni, akanifundisha kwa mdomo. Nayo haikuwa kazi nyepesi kwake. Nikimwuliza, "Chumvi kiasi gani?" alijibu, "Kiasi." "Maji je?" "Ya kutosha." Siku moja akacheka mwenyewe akasema, "Mkono wangu wajua, ila mdomo haujui." Basi akatafuta njia. Akanifundisha kupika uji kwanza, ndipo niuongeze unga kidogo kidogo, nikisonga na kukandamiza kwa mwiko. Akanifundisha kuusikiliza wali, kwamba maji yakiwa yangaliko sauti ni nyingine, na yakikauka sauti hubadilika. Hapo ndipo pa kupunguza moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Nilikosa mara nyingi, naye hakuniita mjinga hata mara moja. Alisema tu, "Tuanze tena."

Neno hili "tuanze tena" lilinichoma moyoni kuliko lawama. Maana nilimkumbuka mvulana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye hakuweza kufahamu hesabu za kugawanya. Nalimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwuliza kama kichwa chake kimejaa pumba. Wote wakacheka, na mimi pia. Mwaka ule hakumaliza shule. Sisemi aliondoka kwa sababu ya neno langu tu. Lakini nasema kwamba nalikuwa na uwezo wa kumwambia "Tuanze tena", nami sikumwambia. Wala sikuwa mtu mkatili. Kosa langu lilikuwa hili: nalikuwa nimesahau jinsi lilivyo jambo la kutokujua.

Sasa na tuyatazame maneno ya wale wanaosema kwamba haifai mwanamume kujifunza kupika.

Wa kwanza husema, "Kupika ni kazi ya wanawake, ndivyo desturi ilivyo." Je, ni kweli? Nendeni pwani siku ya arusi, mtawaona wanaume wamesimama penye masufuria makubwa ya pilau, nao wasifiwa. Nendeni katika hoteli, katika meli, katika shule za bweni. Wapishi wengi ni wanaume. Hata hapa kwetu, wageni wanaopanda Kibo hupikiwa hemani na vijana wetu, kwenye baridi na upepo, nao hawaoni haya. Hurudi nyumbani na mshahara, na wazazi hufurahi. Basi kazi ni ile ile, na moto ni ule ule. Kama si aibu kumpikia mgeni kwa mshahara, kwa nini iwe aibu kumpikia mke mgonjwa bure? Tukisema ni aibu, tumekiri kwamba kinachoitakasa kazi ni fedha, na kwamba upendo waitia unajisi. Sidhani kama yuko msomaji wa gazeti hili awezaye kulisimamia neno hilo. Tena sisi tusomao Maandiko twajua kwamba chakula cha dengu kilichomshinda Esau kilipikwa na Yakobo, mwanamume. Naye Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1522 juu ya maisha ya ndoa, alimtetea baba afuaye nguo chafu za mtoto wake mchanga, akasema kwamba wapumbavu ni wale wamchekao.

Wa pili husema, "Kila mtu na kazi yake. Mwashi hashoni nguo, wala fundi cherehani hajengi." Neno hili lina haki ndani yake, nami nalikubali. Nyumba ambayo wote hufanya yote, pengine hakuna lifanywalo vema. Lakini kugawana kazi ni jambo moja, na kutokujua kabisa kazi ya mwenzako ni jambo jingine. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nalikuwa nikiuliza, "Chakula bado?" bila kujua kwamba katika swali langu zimo saa tatu za kuni, maji, kuchagua, kupepeta na kungoja. Nalikuwa hakimu wa kazi nisiyoijua, na hakimu wa namna hii hudhulumu hata asipokusudia. Moshi nao, nalidhani ni usumbufu tu wa macho. Lakini Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni. Mtu aliyepika katika chumba kisicho na dirisha hata juma moja hatahitaji kubembelezwa atoboe dirisha. Mimi nalitoboa letu katika juma la pili, na nyumba ile nalikuwa nimeijenga miaka ishirini na miwili kabla yake.

Tena tusiidharau elimu ya jikoni kana kwamba ni jambo la tumbo tu. Ni elimu ilindayo uhai. Muhogo mchungu una sumu, nao wapaswa kulowekwa, kuchachushwa na kuanikwa kwa siku kadha wa kadha. Mwaka 1985 katika wilaya ya Tarime, wakati wa ukame, watu wenye njaa walifupisha kazi hiyo, na wengine wakapatwa na konzo, ugonjwa upoozao miguu ghafula, wala hauponi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Dawa yake ni kukausha vema, kuhifadhi pakavu, na kutupa yaliyoota ukungu. Basi mwanamke aketiye na ungo akichagua punje moja moja, asidhaniwe kwamba anapoteza wakati. Analinda mlango wa nyumba.

Lakini sasa latujia swali lililo gumu zaidi. Mtu ajifunzaye hukosa, na makosa ya mpishi huliwa na wengine. Mjukuu wangu alitapika kwa ajili ya masomo yangu. Je, nalikuwa na haki ya kujifunza kwa gharama ya tumbo lake?

Nimelifikiri sana neno hili, nami naona kwamba hatuna budi kutenga makosa ya namna mbili. Liko kosa liletalo kicheko, na liko kosa liletalo maumivu. Ugali wa mabonge, wali ulioungua, mchuzi uliozidi chumvi, haya ni ya namna ya kwanza. Yaliyoharibika ni unga kidogo na kiburi cha mpishi. Katika makosa haya mwanafunzi aachwe huru, wala asinyang'anywe mwiko, maana bila kukosa mkono haujifunzi. Lakini maharage mabichi, muhogo usioandaliwa, mafuta yawakayo moto, haya ni ya namna ya pili. Hapa mwanafunzi hana ruhusa ya kujaribu. Hapa wajibu wake ni kumtii ajuaye, hata akiwa amechoka, hata akiwa mkubwa kwa umri au kwa cheo. Dhambi yangu siku ya maharage haikuwa kutokujua, maana kutokujua si dhambi. Nalikosa kwa kuwa mjuzi aliketi karibu nami akasema "bado", nami sikutaka kusikia.

Na mwenye kufundisha naye ana wajibu wa namna mbili vivyo hivyo. Kosa likiwa la kuchekesha, asubiri, aseme "tuanze tena". Kosa likiwa la kuumiza, aushike mkono wa mwanafunzi upesi bila kumwonea haya. Wako walimu wapigao kelele kwa ajili ya mabonge na kunyamaza kwa ajili ya sumu.

Liko neno moja zaidi, nalo ni onyo kwa wanaume wenzangu watakaonisikia. Jikoni kuna mwenyewe. Usiingie kama bwana mkubwa wa kuamuru vyungu vipangwe upya, bali ingia kama mgeni aulizaye. Tena jihadhari na sifa. Nilipoanza kuweza, majirani walikuja kunisifu, "Mwalimu apika! Ajabu gani!" Nikafurahi. Ndipo nikamtazama mke wangu juu ya kigoda chake, nikakumbuka kwamba yeye amepika kwa miaka karibu arobaini, wala hakuja mtu kusema ni ajabu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwanamume apikaye mara moja kwa mwezi na kutaka kupigiwa vigelegele, hajajifunza kupika bado. Amejifunza kujionyesha tu.

Mkono wa mke wangu ulifunguliwa baada ya majuma sita, naye akarudi katika kazi zake. Lakini tumepatana kwamba siku mbili kila juma jiko ni langu, naye hukaa nje na majirani zake, au husoma. Maharage yangu sasa huiva. Wali wangu bado una kiini pengine.

Basi, ndugu walimu na wasomaji wote, shauri langu ni hili. Mtu ye yote mwenye kazi ya kufundisha, na awe na jambo moja katika maisha yake ambalo yeye ni wa mwisho darasani. Likiwa ni kupika, vema, maana litawafaa na wengine. Likiwa ni kushona au kufuma, vema pia. Na siku utakaposimama mbele ya watoto, ukamwona mmoja asiyefahamu, kumbuka bonge la unga mkavu katika sahani yako mwenyewe, umwambie kwa upole, "Tuanze tena."