Jumanne: Mzazi Anaposahau

Soma 2 Samweli 19:31-39. Barzilai alimweleza mfalme nini juu ya hali yake? Daudi alimjibuje?

Barzilai ndiye aliyemlisha Daudi huko Mahanaimu, wakati wa kumkimbia Absalomu. Sasa ana miaka 80. Ladha ya chakula na sauti za waimbaji vimempotea. Daudi alitamani kumpeleka Yerusalemu, lakini hakubishana naye. Alimsikiliza, akafuata shauri la mzee mwenyewe.

Katika familia nyingi leo mzee hawezi hata kuieleza hali yake. Demensia ni ugonjwa wa ubongo; si uzee wa kawaida, si laana wala uchawi. Mara nyingi mambo ya jana hupotea kwanza, na ya zamani hubaki. Ndiyo maana mama aweza kusahau kwamba amekula sasa hivi, lakini akauimba wimbo wa utotoni.

Soma Mithali 15:1 na 18:13. Mafungu haya yanatusaidiaje mzazi anapouliza swali lile lile mara ya kumi, au anapomshtaki binti yake kwamba ameiba fedha?

Kusema, "Nimeshakujibu!" hakurudishi kumbukumbu, huacha hofu na aibu. Mkaribie kwa mbele, mwite jina alilozoea, uliza jambo moja tu, kisha subiri. Akidai ameibiwa, usijitetee. Sema, "Pole mama, naona una wasiwasi. Tuzitafute pamoja." Akimwulizia baba aliyefariki zamani, mwombe akusimulie habari zake. Je, huko ni kusema uongo? Hapana. Hatudai kwamba baba yu hai. Tunaijibu huzuni iliyo ndani ya swali. Lakini kuchanganyikiwa kukizidi ghafla, mpeleke hospitali, kwa maana huenda kunatokana na maambukizi au dawa.

Soma Matendo 6:1-7. Mitume walitatuaje manung'uniko juu ya huduma ya wajane?

Hawakuwakemea walionung'unika. Waliita mkutano, wakaitaja kazi yenyewe, wakaweka watu wa kuisimamia. Watoto wa mzee mgonjwa hugombana vivyo hivyo: anayekaa naye amechoka, na aliye mjini hutuma fedha pamoja na amri kwa simu. Ketini pamoja, ombeni, kisha kila mmoja aseme anachoweza. Nani atalala na mzee? Nani atanunua dawa? Nani atampokea mlezi ili apumzike? Andikeni mliyokubaliana. Tena msibishane mbele ya mzee kana kwamba hayupo. Huenda asiyashike maneno, lakini ukali wa sauti anauhisi.

Katika Isaya 46:4 Mungu anaahidi kuwabeba watu wake hata wakati wa mvi. Ahadi hiyo haitegemei mzee kuikumbuka. Mungu anamkumbuka, na mara nyingi mikono anayoitumia kumbeba ni ya watoto wake na ya kanisa.

Ni nani kanisani kwako ambaye haonekani tena siku ya Sabato kwa sababu anamlea mzazi mwenye ugonjwa huu? Darasa lenu laweza kupangaje zamu ya kukaa na mzee huyo, ili mlezi naye apate kuabudu?