Aanze na Ipi?

Kuna maswali yanakuja yamevaa nguo za fundi, kumbe ndani ni maswali ya dhamiri. "Ipi nzuri kwa mtu anayeanza, na isiwe ya bei mbaya?" ni mojawapo. Ukiulizwa hivyo kuhusu simu, baiskeli au bomba la kupulizia salfa, unajibu na maisha yanaendelea. Ukiulizwa kuhusu sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wanaiita vepu, jibu lako linaingia kwenye mapafu ya mtu. Mimi nimeulizwa mara mbili ndani ya msimu mmoja wa korosho, na watu wawili wenye bajeti ileile ya shilingi 40,000, na nimeona kwamba kuwajibu sawasawa kungekuwa ni kumdhulumu mmoja wao.

Wa kwanza ni dereva wa bodaboda wa Masasi. Ana miaka 31, anavuta tangu akiwa na 18. Kwa siku anamaliza sigara kumi, ananunua moja moja kibandani kwa shilingi 200. Mikorosho inapochanua anaiegesha pikipiki na kwenda kupuliza salfa kwenye mashamba ya watu, kitambaa usoni, ili ubwiri unga usile maua. Jioni anakohoa, kisha anawasha. Amejaribu kuacha mara tatu. Aliulizia duka la dawa kama kuna chochote cha kumsaidia, akaambiwa hakuna. Ndipo akaniuliza: "Kaka, wewe unasomasoma. Hiyo ya umeme, ya kuanzia, nichukue ipi?"

Wa pili ni mpwa wangu wa Newala. Ana miaka 19 na hajawahi kuvuta kitu. Nyumbani kwao malipo ya korosho yalikuwa yameingia, naye akapata fungu lake kwa kazi ya kuokota na kubeba. Msimu wa 2024 ulipoanza, bei kwenye minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na kila aliyewahi kukaa Newala au Tandahimba wakati wa malipo anajua hewa inavyobadilika: pikipiki mpya, simu mpya, spika mpya. Ujumbe wake ulikuja kwa WhatsApp: "Anko, nataka vepu ya kuanzia, ya bei poa. Ipi nzuri?"

Maneno ni yaleyale. Lakini neno "anayeanza" limeficha watu wawili. Yupo anayeanza kutoka, na yupo anayeanza kuingia.

Kabla ya kufika kwenye maadili, tujue tunazungumzia kitu gani. Vepu ina betri, koili ya waya, pamba na kimiminika. Ukivuta, koili inapata moto na kukigeuza kimiminika kuwa mvuke. Humo ndani mara nyingi mna nikotini, ladha, na vimiminika viwili vinavyobeba mvuke, kimoja kikiwa gliserini. Hakuna tumbaku inayoungua, na hapo ndipo ilipo tofauti yake kubwa na sigara, kwa sababu lami na hewa ya ukaa yenye sumu vinatokana na kuungua. Aliyeiunda ile ya kisasa, mfamasia wa China Hon Lik, mwaka 2003, alikuwa mvutaji mwenyewe, na baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Kwa hiyo chombo hiki kilizaliwa kama mlango wa kutokea.

Ila kila mlango una pande mbili. Sigara ya kwanza ina mlinzi wake, nacho ni kikohozi. Mtoto akiiba kipisi cha mjomba, koo linawaka, macho yanatoka machozi, anakitupa. Mwili umemshauri bure. Baadaye watengenezaji wakaja na nikotini ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo hata ikiwa nyingi, wakaongeza ladha ya embe na tikiti. Mlinzi kaondolewa getini. Zipo za kutumia na kutupa zilizoandikwa asilimia 5, yaani miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita, wakati Umoja wa Ulaya na Uingereza kikomo chao ni 20. Mtu ambaye hajawahi kuvuta anaweza kuingiza nikotini nyingi kifuani na akaona ni kama anakula pipi.

Tazama sasa nchi mbili zilivyokiamulia chombo hiki. Mwaka 2023 Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapa wavutaji hadi milioni 1 vifaa vya kuanzia vya vepu, bure, waache sigara. Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015, imepiga marufuku kabisa kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki. Nani kakosea? Nadhani kila mmoja alikuwa anamtazama mtu wake. Uingereza ilimtazama dereva wangu wa bodaboda. Uganda ilimtazama mpwa wangu. Na Uingereza yenyewe, ilipogeuka na kuona watoto wa shule wananyonya vile vya kutupa, ikavipiga marufuku kuanzia Juni 1, 2025. Sheria inalazimika kuchagua imtazame nani kwanza. Mshauri wa mtu mmoja halazimiki. Anaweza kuuliza: wewe ni yupi?

Kwa dereva, kuuliza hakukuchukua muda. Ushahidi wa kitabibu unaonyesha kwamba vepu zenye nikotini huwasaidia wavutaji wengi zaidi kuacha sigara kuliko bazoka na plasta za nikotini. Hilo halimaanishi ni salama; maana yake ni kwamba kinachoungua kinaua zaidi. Kukataa kumjibu kwa kisingizio cha usafi wa mikono yangu kungekuwa ni kumrudisha kibandani.

Na hapa neno "bei poa" linahitaji kufikiriwa kimaadili, siyo kimfuko tu. Sigara kumi kwa shilingi 200 ni 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi. Ukiangalia hivyo, kifaa cha 40,000 ni nafuu. Lakini maskini hatozwi siku ya kununua, anatozwa siku zinazofuata. Koili huchoka baada ya wiki moja au mbili, mvuke unaanza kunuka kuungua. Kimiminika kinaisha. Kama koili hiyo inapatikana Kariakoo tu, na Kariakoo ni safari ya siku nzima kwa basi kutoka Masasi, basi siku itakapoungua mtu anarudi kwenye sigara, maana sigara iko hatua kumi kutoka kijiweni. Cha rahisi kimemgharimu mara mbili: hela na jaribio lake la nne.

Kwa hiyo nilimwambia hivi. Usinunue ya kutupa. Chukua ndogo ya kuchaji, inayotumia waya wa simu yako, yenye kuvutika kwa kubana kama sigara, siyo ile ya mawingu makubwa. Kabla hujalipia kifaa, hakikisha umeshika mkononi koili za miezi miwili. Kama hazipo, hicho kifaa ni pambo. Kwa sigara kumi, nikotini isizidi 20, na baadaye shuka. Usinunue kimiminika kisicho na lebo: mwaka 2019 Marekani watu zaidi ya 2,800 walilazwa na 68 walikufa, wengi wao wakiwa wametumia vimiminika vya bangi vya mtaani vilivyochanganywa mafuta ya vitamini E. Halafu, siku utakayoanza hiyo, sigara ife. Ukivuta vyote viwili umeongeza matumizi tu. Na baada ya sigara, nayo hiyo ife.

Mpwa wangu nilimrudishia swali: "Unaacha nini?" Akajibu upesi, "Anko, nimekuuliza ipi, sijakuuliza kwa nini."

Jibu hilo nalichukulia kwa uzito, maana lina falsafa ndani yake. Ni mtu mzima. Sheria yetu ya tumbaku ya 2003 inazuia kuwauzia walio chini ya miaka 18, yeye amevuka. Hela ni yake, kaitolea jasho. Mimi ni nani wa kudai sababu? Aliongeza nyingine mbili. Moja: "Bibi ananusa ugoro kila siku, mbona hamumsemi?" Nyingine: "Usiponiambia, nitanunua yoyote nitakayoikuta."

Nianze na bibi. Kweli ananusa. Tumbaku siyo mgeni huku. Vikopo vya Wamakonde vya dawa na ugoro, vilivyochongwa vifuniko vya sura za watu, leo vimo kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Nchi yenyewe inalima na kuuza tumbaku, kuanzia Tabora na Urambo hadi Namtumbo, jirani zetu. Unafiki upo, sitaki kuupaka chokaa. Lakini unafiki wa msemaji hauligeuzi neno lake kuwa uongo. Bibi mwenyewe akikosa ugoro asubuhi huwa hasemi na mtu mpaka aupate. Huo ndio ushahidi, na umekaa barazani kwetu siku zote.

Uhuru ndio mgumu zaidi. John Stuart Mill, Mwingereza aliyeutetea uhuru wa mtu binafsi kwenye kitabu chake cha 1859, alikubali kwamba mtu mzima auziwe hata sumu, mradi chupa iandikwe wazi kwamba ni sumu. Lakini kuna mahali alisimama: alisema uhuru hauwezi kumpa mtu ruhusa ya kujiuza utumwani, kwa sababu siku hiyo anaitumia hiari yake kuimaliza hiari yake. Kwa mtu wa Masasi hoja hiyo haiko mbali. Misheni ya Masasi ilianza 1876 na watu waliokombolewa utumwani, walioletwa kutoka Zanzibar na Askofu Edward Steere. Sisemi nikotini ni minyororo ile; kulinganisha hivyo ni kuwakosea adabu waliofungwa. Nasema tu kwamba baadhi ya chaguo hupunguza machaguo yajayo, na mtu anayekuomba umsaidie kuchagua ana haki ya kuambiwa kwamba hili ni la aina hiyo.

Ile ya tatu, kwamba atanunua tu, ndiyo hoja ya kila mshiriki wa kila jambo: nisipofanya mimi atafanya mwingine. Wakati mwingine ni hoja ya kweli. Kwa dereva ilikuwa kweli, kwa sababu madhara alikuwa nayo tayari na jibu langu liliyapunguza. Kwa mpwa wangu madhara hayakuwepo. Jibu langu lingeyafanya yawe laini, ya bei poa, na yenye baraka za ukoo.

Za ukoo, ndiyo. Wamakonde, Wamakua na Wayao wote kijadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba siyo ndugu wa kuletewa zawadi Idi na Krismasi tu. Ndiye anayeulizwa. Mambo yamelegea siku hizi, sawa, lakini neno la mjomba bado lina uzito ambao neno la muuza duka halina. Muuza duka akisema "chukua hii" ni biashara. Mjomba akisema "chukua hii" ni ruhusa.

Ndipo nikatenganisha mambo mawili ambayo tunapenda kuyachanganya: kumjulisha mtu na kumchagulia mtu. La kwanza namdai kila mtu mzima, hata asiponiambia sababu zake. Nikamweleza mpwa wangu kila kitu: asilimia 5 maana yake nini, kwa nini haikwaruzi, koili zinagharimu nini kwa mwaka, na kwamba nikotini ikishazoeleka hutaitumia ili ufurahi bali ili usikasirike. La pili nikalikataa. Sikumtajia ipi. Akaniambia ninajikosha. Inawezekana. Lakini mkono unaoonyesha hatari si mkono unaofungua mlango, hata kama mtu atapita palepale.

Mpaka sasa sijui kama alinunua. Kipimo nilichobaki nacho nimekipata jandoni, siyo vitabuni. Kijana haendi jando peke yake. Anapelekwa, anafundishwa na wakubwa wanaojulikana kwa majina, na tangu siku ya kuingia watu wote wanajua kwamba kuna siku ya kutoka, na ngoma yake itapigwa. Anayeuza "kifaa cha kuanzia" anauza kuingia tu. Hana siku ya kutoka, na hata akiulizwa hana sababu ya kuijua, kwa kuwa siku utakayotoka yeye anapoteza mteja.

Basi mtu akiniuliza aanze na ipi, nami nikawa siwezi kumwonyesha atatokea wapi, nadhani sistahili kumshika mkono kumwingiza. Dereva wangu nilimwonyesha. Juzi alinitumia picha ya koili tatu zilizobaki, ameziweka kwenye kopo la maziwa, akaandika, "Hizi zikiisha, tunaongea."