Kukubali kwa Mashine si Ridhaa ya Mwenyewe

Bismillahi-r-Rahmani-r-Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake. Ama baad:

Imekuwa ada katika miji ya pwani kununua kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo. Mara nyingi diski zake huwa zimefutwa au zimekufa, ikalazimu kuwekewa upya mfumo endeshi, yaani ile programu kuu ambayo bila yake kompyuta haifanyi kazi yo yote. Mafundi huiita kazi hiyo "kupiga Windows". Mwenye mashine hutoa ujira, huchukua chombo chake akaenda zake, wala haulizi lile lililompasa kuuliza: je, programu hiyo anayo haki ya kuitumia?

Watu wa namna mbili hukosea katika mas'ala haya. Wa kwanza husema: "Mashine imekubali, basi ni halali." Wa pili husema: "Mashine imekataa, basi mimi ni mwizi." Wote wawili wameifanya mashine kuwa kadhi, na mashine si kadhi.

Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kwamba anunuaye Windows hamiliki programu yenyewe, bali hununua ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Hiyo ni manfaa, na manfaa katika madhehebu ya Imamu Shafi ni mali, kama manfaa ya nyumba ya kupanga. Na wanazuoni wa zama hizi, katika Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Kuwait Desemba 1988, walikata katika azimio la 43 kwamba haki za watungaji na wavumbuzi zinalindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia.

Ruhusa hizo ni namna mbili. Iko iliyouzwa peke yake, ambayo mwenyewe aweza kuihamishia mashine nyingine baada ya kuiondoa katika ya kwanza. Na iko iliyouzwa pamoja na mashine kutoka kiwandani. Hiyo imefungwa na mashine ile, huishi nayo na hufa nayo. Katika zama za Windows XP mpaka Windows 7 alama yake ilikuwa karatasi iliyogandishwa juu ya mashine, yenye namba ya herufi na tarakimu 25. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, aghlabu namba hiyo hutiwa na kiwanda ndani ya bodi kuu.

Basi tuseme Zaidi amenunua kompyuta kuukuu yenye karatasi ya Windows 7, na diski yake imekufa. Akatia diski mpya, akaazima DVD kwa jirani, akaweka mfumo ule ule kwa namba iliyo juu ya mashine yake. Zaidi hana kosa, kwani DVD ni chombo tu, na haki iko katika ruhusa. Hata mashine ikikataa namba ile, haki yake haikuondoka. Na awaendee wenye programu, athibitishe. Wala kukoma kwa matunzo ya Windows 7, tarehe 14 Januari 2020, hakukumvua ruhusa yake, kama ambavyo hakukuifanya programu hiyo kuwa mali isiyo na mwenyewe.

Na tuseme Amri ameibandua karatasi katika mashine iliyokufa, akaitumia namba yake katika mashine nyingine, na mashine ikakubali. Amri amechukua asichopewa. Na fundi atumiaye programu ya kuvunja kufuli, kisha akamwambia mnunuzi kuwa Windows yake ni ya haki, amekusanya mawili: kuvamia haki ya mtu na kumghushi Muislamu mwenziwe katika bei.

Limebaki lililo zito zaidi. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Microsoft iliwapa bure wenye Windows 7 na 8.1, na ikatangaza kuwa mwisho wake ni tarehe 29 Julai 2016. Lakini baada ya siku hiyo namba za zamani ziliendelea kupokelewa, mpaka Septemba 2023 kampuni ilipotangaza kuifunga njia hiyo. Aliyeingia kati ya tarehe hizo, hukumu yake ni ipi?

Wako wasemao: mlango ulikuwa wazi miaka saba, na mwenyewe aliuona asiufunge, basi ameridhia. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi. Imepokewa kwa Imamu Shafi kanuni ya kwamba aliyenyamaza hanasibishiwi kauli. Ni kweli kuwa kimya huwa ridhaa mahali maalumu, kama kimya cha mwanamwali aombwapo idhini ya kuozwa. Lakini hapo hakikutanguliwa na kauli ya kukataa. Na hapa kauli ilitangulia, tena kwa tarehe. Basi jambo hilo ni shubha: aliyeingia hali akidhani ameruhusiwa haitwi mwizi, na aliyejua tangazo, uchamungu ni kuomba idhini au kuacha.

Na asiseme mtu: "Hiyo ni mali ya matajiri wasio Waislamu." Makureshi walikuwa maadui wa Mtume (s.a.w.), wakimfukuza katika mji wake, na usiku wa Hijra alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili arejeshe amana zao. Haki ya mtu haiondolewi na dini yake, wala na wingi wa mali yake.

Wala asiseme: "Ni dharura." Ni kweli kuwa matunzo ya kawaida ya Windows 10 yamekoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mashine nyingi kuukuu hazikubaliwi na Windows 11. Lakini dharura haiwi ilhali iko halali mkononi. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, imeruhusiwa na wenyewe kutumiwa, kunakiliwa na kugawiwa bila ya malipo, na hufanya kazi hata katika mashine nyingi za zamani.

Basi na atazame kila mtu mashine iliyo mbele yake: kwayo huandika hesabu za duka lake, na watoto wake husoma. Asiiulize mashine, kwani haina dhima wala haitahisabiwa. Na ajiulize nafsi yake: mwenye haki lau angesimama hapa, angesemaje?

Wabillahi taufiki.