Nani Atatugeuza Kitandani?

Wapendwa wanandoa, siku ile mliposimama mbele ya padre na mashahidi, kila mmoja wenu aliahidi kushikamana na mwenzake katika afya na katika ugonjwa. Mlikuwa vijana. Neno ugonjwa liliwakumbusha malaria ya siku tano, au pengine uzazi mgumu. Nani kati yenu alimfikiria mzee wa miaka sabini na miwili aliyepooza upande mmoja, asiyeweza kujipangusa, ambaye lazima ageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili mgongo usifanye vidonda? Hata hivyo ahadi ile ilimhusu huyo pia.

Hebu tuchukue nyumba moja hapa Nyali. Si ya mtu fulani, lakini wengi wenu mtaitambua. Baba alifanya kazi bandarini hadi akastaafu, mama alikuwa mwalimu. Walinunua kiwanja wakati Nyali ilikuwa bado na vichaka, wakajenga polepole, wakapanda mwembe na kuweka nyumba ndogo ya uani. Watoto ni watatu. Mmoja yuko Nairobi, mmoja ng'ambo, na binti wa mwisho anaishi Kisauni na ana kibanda cha nguo katika soko la Kongowea. Alfajiri moja baba anaamka mdomo umekwenda upande na mkono hausikii. Anavushwa daraja la Nyali hadi hospitali kisiwani. Bima inalipa sehemu. Zinazobaki zinachangwa: jumuiya ndogondogo, jamaa wa bara, wazee aliofanya nao kazi, kila mtu na simu yake. Baada ya wiki tatu daktari anasema mzee anaweza kwenda nyumbani. Watu wanamshukuru Mungu, wanapiga makofi.

Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza, kwa maana bima ilikomea katika lango la hospitali.

Tafadhali msiupite upesi ukweli huu, kwa sababu watu wengi wazuri na wenye akili hawaujui. Ukisema una bima ya matibabu, una ahadi ya kulipiwa daktari, kitanda cha wodi, upasuaji na dawa za huko. Mtu wa kumlisha mzee uji kwa kijiko kwa miaka minne si matibabu. Kumwogesha si matibabu. Kukaa na mama anayesahau na kutaka kutoka nje ya geti saa nane za usiku akiuliza njia ya kwenda kwao, nako si matibabu. Huo ni utunzaji, na katika nchi yetu karibu hakuna bima unayoweza kuinunua ambayo kazi yake ni kulipia utunzaji wa namna hiyo. Baadhi ya bima za binafsi hutoa siku chache za muuguzi wa nyumbani, kisha basi.

Tupige hesabu ya mfano tu, nanyi mtaweka bei zenu. Tuseme mhudumu mmoja ni shilingi 20,000 kwa mwezi, pampasi za mtu mzima 9,000, dawa za presha na nyinginezo 6,000, mtu wa kumnyoosha viungo 10,000. Jumla ni 45,000 kwa mwezi, yaani 540,000 kwa mwaka. Mzee akiishi miaka mitano hivyo, nasi tunaomba aishi, ni shilingi 2,700,000. Na mhudumu mmoja hawezi kukesha kila usiku. Naye ni binadamu.

Mtasema, tutafanya harambee. Harambee ni jambo zuri na imeokoa wengi. Lakini angalieni tabia yake. Watu huchangia tukio: upasuaji, kwenda India, mazishi. Nani amewahi kupokea kadi ya harambee ya mwezi wa kumi na nne wa kumgeuza mzee kitandani? Ugonjwa mrefu hauna siku ya kilele. Wageni hupungua, simu hupungua, na pole hupungua pia.

Basi malipo hutoka wapi? Hutoka kwa yule binti wa Kisauni. Mwanzo anakuja jioni baada ya kufunga kibanda. Kisha anakuja asubuhi na jioni. Kisha kibanda kinafungwa. Ndugu zake wanatuma pesa mwisho wa mwezi, wakati mwingine, pamoja na maagizo. Mume wake ananyamaza kwanza, halafu hanyamazi tena. Na mama mwenyewe, ambaye naye ana sukari na magoti mabovu, anamwinua mtu wa kilo themanini mara tano kwa siku hadi naye anaanguka. Hakuna aliyemuuliza binti huyu kama angekubali. Hakuna aliyemkatalia kitu wala kumwamuru. Alikuwa karibu tu, tena ni mwanamke.

Swali letu la leo ni hili hasa: je, ni haki kumwachia mtu deni ambalo hukumwambia kwamba lipo? Sisi tunaona si haki, hata kama deni hilo limefunikwa kwa neno zuri kama upendo.

Tunajua majibu mawili yatakayotolewa, na yote mawili yanastahili kusikilizwa.

La kwanza ni la baba wa nyumba. Mke akilianza jambo hili, mume hushtuka: "Mama watoto, mbona unanitabiria maradhi? Kwani Mungu amekufa?" Wapo wanaoona kwamba kupanga uzee wa kitandani ni kuuita, au ni kupungukiwa na imani. Lakini baba huyuhuyu anatoa mchango wake kila mwezi katika chama cha mazishi, bila kukosa, na hana wasiwasi kwamba jeneza litamfuata kwa sababu hiyo. Ikiwa tunaweza kuweka akiba kwa ajili ya siku tatu za matanga, kwa nini tuone haya kuweka kwa ajili ya miaka mitano ya kabla yake? Yusufu kule Misri aliweka nafaka miaka saba ya neema akijua njaa inakuja, na Maandiko hayamwiti mtu asiye na imani. (Sisi watu wa pwani na bara tunajua kuzika vizuri. Kuuguza kwa muda mrefu ndiko bado tunakujifunza.)

Jibu la pili ni zito zaidi. Husema: watoto ndio bima yetu. Tuliwalea, nao watatulea. Ndivyo amri ya nne inavyotaka, na Yesu mwenyewe, katika Injili ya Marko sura ya saba, aliwakemea vikali wale waliotumia jina la sadaka kukwepa kuwasaidia wazazi wao. Yoshua bin Sira anaongeza kwamba baba asidharauliwe hata akili zikimpungua. Hata Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kutunzwa na jamaa zao na serikali. Hatutaki kupunguza hata nukta moja ya wajibu huo. Mtoto anayemtelekeza mzazi anatenda dhambi.

Lakini wajibu wa mtoto si ruhusa ya mzazi kuacha kujipanga. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wazazi ndio wanaopaswa kuwawekea watoto akiba. Mzazi anayeweza kupunguza mzigo na asipunguze, kisha akamwambia mwanawe aubebe kwa jina la Mungu, naye ana la kujibu. Tena hali imebadilika. Babu zetu walikuwa na watoto wanane katika boma moja. Ninyi mna watatu, na mmoja wao huenda sasa hivi yuko Marekani au Ujerumani akimwogesha mzee wa watu wengine kwa mshahara, huku mama yake hapa Nyali akiangaliwa na msichana wa kazi wa miaka kumi na tisa ambaye hakuna aliyemfundisha. Hatumlaumu mtoto huyo; pesa zake ndizo zinazonunua dawa. Tunasema tu kwamba bima ile ya watoto wengi wa karibu haipo tena kama ilivyokuwa.

Ujerumani yenyewe ililitambua jambo hili, ikaanzisha mwaka 1995 bima ya lazima ya utunzaji, mbali na ile ya matibabu. Japani ilifuata mwaka 2000; huko kila mtu akifika miaka 40 huanza kuchangia. Kwetu hakuna mfuko kama huo. Kwa hiyo kila nyumba lazima ijitengenezee chake kutokana na vipande vilivyopo.

Navyo ni vipi? Kwanza, Bima ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali yake na hulipa kwa mwaka, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Wengi hujisahau hapa: kazi ikiisha, makato yanaisha, na mstaafu hukaa akidhani bado amelindwa. Hakikisheni mnaendelea kulipa. Vilevile, mwanao akilipa ya nyumba yake, hiyo hulinda mke wake au mume wake na watoto wao. Ninyi wazazi mjiandikishe wenyewe.

Pili, kuna hazina ya matibabu baada ya kustaafu. Mipango mingi ya pensheni humruhusu mwanachama kuweka kando kiasi kila mwezi ili baadaye kimlipie bima ya matibabu uzeeni, na tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria inasamehe kodi kwa michango hiyo hadi shilingi 15,000 kwa mwezi. Ikiwa bado mna ajira, kaulizeni katika ofisi ya wafanyakazi wiki hii. Mwenye umri wa miaka 40 akiweka kidogo huwa ameweka kingi. Mwenye 58 hana muda huo. Nazo bima za binafsi, nyingi hazimpokei mtu mpya aliyekwisha kuzeeka, na ugonjwa uliokuwapo kabla hulipiwa baada ya kungoja, au haulipiwi kabisa. Someni maandishi madogo pamoja, wote wawili, kwa miwani. Muulizeni wakala swali moja waziwazi: "Nikitoka hospitali nami siwezi kutembea, mtalipa nini nyumbani kwangu, na kwa siku ngapi?" Jibu liwe kwa maandishi.

Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii kwa waliotimiza miaka 70 zina baraka zake, lakini ziwekeni kando ya zile 45,000 mkaone.

Kinachobaki ni nyumba, na hapa familia nyingi za Nyali hukwama. Wana mali lakini hawana fedha. Kiwanja kile cha vichaka sasa kimezungukwa na magorofa na madalali wanabisha geti kila wiki, ilhali ndani mama anakata pampasi mara mbili ili zifike mwisho wa mwezi. Ukiwaambia wapangishe nyumba kubwa wahamie ile ya uani, au wauze waende mahali padogo, wanasema: "Hii ni ya watoto." Lakini watoto walipewa elimu, chakula na ubatizo, nyumba ni yenu hadi mnapofariki, na kazi yake ya kwanza ni kuwasitiri ninyi. Binti aliyefunga kibanda chake kwa miaka mitano amekwisha kuilipia nyumba hiyo kwa ujana wake, kisha siku ya mirathi inagawanywa sawasawa na wale waliotuma maagizo. Tukiulizwa, tungesema afadhali nyumba ipangishwe, mhudumu alipwe, na binti aje kumwona baba yake akiwa binti, si mtumishi aliyechoka. Mke na mume wengine watapima tofauti, na si vibaya, mradi wapime kweli.

Vipo pia vituo vya wazee. Masista Wadogo wa Maskini, shirika alilolianzisha Mtakatifu Jeanne Jugan huko Ufaransa mwaka 1839, wana nyumba Kasarani, Nairobi, ambako hupokea wazee maskini wasio na mtu. Nafasi za namna hiyo ni chache, na ni haki ziachiwe wasio na mwembe wala nyumba ya uani.

Sasa fanyeni hivi. Chagueni jioni moja, baada ya chakula, redio ikiwa imezimwa. Mume aanze, kwa sababu mara nyingi ndiye anayekwepa, na mara nyingi ndiye atakayeugua kwanza. Aseme: "Mama watoto, nikianguka mimi, utaniinua na nani?" Kisha mke naye aulize lake. Andikeni katika daftari ni nani atakayelipwa, kwa pesa ipi, kadi za bima ziko wapi, na ni lini nyumba itapangishwa ikibidi. Daftari hilo lisifungiwe kabatini.

Halafu mpigieni simu yule binti wa Kisauni. Msimpe amri wala msimpe sifa. Mwulizeni anaweza nini na hawezi nini, na akisema hawezi jambo fulani, liandikeni hilo pia.