Mgeni Asiyepewa Jembe

Ramani ya Norfolk ilikuwa mezani, chai imeshapoa. Mimi na rafiki yangu, wote wanafunzi London, tulikuwa tunapanga likizo ya wiki moja mwezi Agosti. Treni kutoka Liverpool Street mpaka Norwich, saa mbili hivi. Treni nyingine mpaka Cromer, tukale kaa. Halafu mashua, tukawaone sili wa Blakeney Point.

"Nyumba nimepata," mwenzangu akasema. "Nzima, ya mawe, karibu na bahari. Mwenyewe yuko hapa hapa London, kule anakwenda mara mbili kwa mwaka. Tukiwa wanne, rahisi kuliko gesti."

Nikafurahi. Kisha likanitoka swali lililotuharibia jioni: "Kabla yake nani alikuwa anakaa humo?"

"Kwani inatuhusu nini, bwana?"

Ndugu msomaji, hilo ndilo nataka tulizungumze. Je, mtu anayekwenda kupumzika ana wajibu gani kwa wale anaowakuta, zaidi ya kulipa na kuaga vizuri?

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenzangu aliushika msemo huo kwa mikono miwili. Pesa zetu, alisema, ndizo mshahara wa msichana wa mkahawani na wa dereva wa basi. Tusipokwenda, nani atawala kaa wale? Ana hoja. Mashambani kule mashine zilishachukua kazi ya mikono mingi, na mgeni ni riziki. Anayesema utalii wote ni dhambi hajawahi kulala njaa kijijini.

Lakini twende polepole. Pwani ya kaskazini kuna kijiji kinaitwa Burnham Market. Watu wamekibandika jina la utani la Chelsea ya pwani, kwa jinsi wenye nazo wa London walivyonunua nyumba huko. Mwaka 2023 wanakijiji walipiga kura wakakubali kwamba nyumba mpya zitakazojengwa ziwe za watu wa kukaa humo, si za likizo. Hebu fikiri, mpaka kura, ili watoto wapate pa kulala pale pale walipozaliwa! Msichana wa mkahawani anapata mshahara kwa mgeni, kweli. Lakini nyumba ya kupanga haioni, maana mgeni mwingine kaitia kufuli mpaka Krismasi. Je, huyo kapona?

Wazee hao hao wakaongeza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwa tunacheka, tukidhani ni njia ya kumfukuza mtu. Mimi naona ni heshima. Jembe ndilo linalomtoa mgeni mkekani na kumfanya mwenzetu. Mwenye nyumba ya likizo yuko siku ya kwanza maisha yake yote. Ana funguo, jembe hana.

"Sasa wewe," mwenzangu akacheka, "mwenyeji ni nani?" Akanitajia Happisburgh, ambako wenyewe hutamka Heizbra. Mwaka 2013 bahari ilifunua pale nyayo za watu, zenye umri wa zaidi ya miaka 800,000. Zilipotangazwa mwaka 2014 zilikuwa za kale kuliko zote zilizojulikana nje ya Afrika. Mawimbi yalishazifuta katika wiki mbili hivi. "Sote tumetoka kwetu, sote wageni. Basi tulale popote!"

Maneno matamu, ila hayana mfupa. Hapo hapo Happisburgh pwani inaliwa na bahari, na nyumba za watu zimekwenda nayo. Mwenyeji si lazima awe aliyefika kwanza. Ni yule ambaye ardhi ikimeguka, chake kinakwenda. Mgeni anapiga picha.

Sijifanyi mtakatifu. Kwetu Unguja minazi ya babu iliuzwa nikiwa darasa la tano, ikajengwa hoteli. Ada yangu ya shule ilitoka pale. Ami yangu sasa ni mlinzi wa geti la pale pale, na akitaka kwenda kuvua hupita njia ya kuzunguka. Faida na hasara nimezila sahani moja. Ndiyo maana nilipoiona picha ya ile nyumba ya mawe, niliona geti la ami.

Tulibishana mpaka usiku. Mwisho tumechukua vyumba katika gesti moja Cromer, ambayo mama mwenye nyumba analala humo humo. Oktoba badala ya Agosti, wateja wanapopungua. Siku nne, kwa sababu pesa za wiki hazipo. Ile nyumba itapata wapangaji wengine, najua, na Norfolk haitaongeza hata chumba kimoja kwa ajili yetu. Wewe je, msomaji, ungelala wapi?

Mwenzangu bado ananuna. Anasema nimemnyima bahari ya kiangazi kwa ajili ya watu nisiowajua. Labda. Lakini ami naye hawajui wanaofika getini, na kila asubuhi anawafungulia.